Mdomo wa Rubani

Televisheni hizi mpya hazina adabu. Hazijui kufumba macho. Ukiweka filamu ya zamani ya mambo ya anga, zile za enzi ambazo chombo kilikwenda mwezini kikitoa moshi mkiani, unauona uzi unaokining'iniza. Unaona kwamba nyota ni matundu kwenye kitambaa cheusi, na nyuma yake kuna taa. Zimwi la sayari nyingine, ambalo utotoni lilinifanya niogope kwenda chooni peke yangu, lina zipu mgongoni. Mtu wa chuma ni mabati yaliyopakwa rangi ya fedha, na kwapani rangi imebanduka.

Tena picha yenyewe inateleza. Sijui mafundi wa viwandani wamefanya nini, lakini watu waliosafiri hadi mwisho wa nyota wanatembea kama watu wa tamthilia ya mchana wanaogombania mume. Ilibidi niingie kwenye mipangilio ya TV nizime kila kilichokubali kuzimwa. Binti yangu, ambaye yuko chuo na anajua haya mambo, anasema filamu hizi zimesafishwa, zimepitishwa kwenye mashine picha moja baada ya nyingine mpaka kila mkwaruzo ukaondoka. Ananiambia hivyo kwa furaha, kama mtu anayeniambia kisima kimechimbwa.

Nimeziangalia nyingi, kwa hiyo nina haki ya kusema. Baadhi zimesimama. Zile ambazo watu walichonga vyombo kwa mkono na hawakuwa na haraka, zinapendeza hata kwenye kioo kikubwa, pengine kuliko zilivyopendeza zamani. Nyingine zimeumbuka kabisa. Lakini sikuziangalia kwa starehe. Nilikuwa natafuta filamu moja, na ndani ya hiyo filamu kipande kimoja, kifupi, cha muda wa kuchemsha chai. Nilitaka kumsikia baba yangu akikisema tena kabla hajaondolewa sauti.

Baba yangu alikuwa mtafsiri wa banda la video hapa Ifakara. Walioishi miaka ile wanajua, lakini wa leo inabidi waelezwe. Banda lilikuwa la mabati na magunia, madirisha yamezibwa kwa blanketi ili hata saa nane mchana ndani kuwe giza. Mbele kulikuwa na TV ya chogo, ile yenye mgongo mnene, juu ya meza, deki ya kanda chini yake, na jenereta nje, kwa sababu umeme unaozalishwa pale Kidatu ulikuwa na tabia ya kutupita juu ya vichwa ukielekea kwa watu wengine. Watu walikaa kwenye mabenchi. Baba alikaa kwenye stuli kando ya TV, ameshika maiki, anawageuzia Kiswahili kila kilichosemwa.

Kiingereza chake kilikuwa cha kukisia. Alikiokota akiwa kijana, alipofanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Yale asiyoyaelewa aliyasoma kwenye nyuso za watu, na aliyoshindwa kuyasoma kwenye nyuso aliyatafuta kwetu. Chombo cha anga kiliondoka stesheni ya treni. Majemadari wa sayari ya moto waligombana kwa sauti za wenyeviti wa vijiji tuliowafahamu, na banda zima lilicheka mpaka mabenchi yakalia. Lakini yeye hakujiona mchekeshaji. Alijiona mtafsiri. Ukimwambia amebuni, alikasirika kweli.

Filamu iliyompa jina ilikuwa ile ya rubani. Kanda yake haikuwa na kasha wala maandishi, na hakuna aliyejua inaitwaje. Watu wanasafiri angani, chombo kinapata hitilafu, wanakufa mmoja mmoja mpaka anabaki rubani peke yake. Chombo hakigeuki. Anavaa kofia yake ya kioo, anakaa kwenye kidirisha, anaitazama dunia ikibaki nyuma. Hapo ndipo kanda ilikuwa mbovu kuliko mahali pengine popote. Picha ilipiga chenga, vidoadoa vikirukaruka kioo kizima, kioo cha kofia kilikuwa doa jeupe, na badala ya sauti kulikuwa na mvumo tu.

"Hapa kanda imekwanguka," baba alikuwa akisema. "Sauti imeliwa, lakini mdomo unacheza. Huyu mtu anaaga. Kazi yangu ni kumrudishia maneno yake."

Na alimrudishia. Wakati ule watu walipenda kutuma salamu redioni, na sijui nani alianza, lakini ikawa desturi kutuma salamu kupitia kwa rubani pia. Baada ya mavuno watu walirudi mjini na mpunga wao na misiba yao. Bonde letu likijaa maji halichagui. Mtu alikuja kwa baba kabla filamu haijaanza, akamwamkia, akamwambia amempoteza ndugu, mtumbwi ulipinduka, hawakupata hata nafasi ya kuagana. Baba aliuliza marehemu alikuwa akiitwaje nyumbani na alipenda kula nini. Basi. Kipande kile kilipofika, rubani alimuaga yule ndugu, kutoka mbali kule angani, na mtu mzima aliyekaa benchi la nyuma alilia gizani bila aibu. Hakuna aliyecheka wakati huo, hata walevi.

Mama yangu alifariki masika, shambani, upande wa Mchombe. Kwetu msimu wa mpunga nyumba inagawanyika. Wengine wanabaki mjini na watoto wa shule, wengine wanahamia shamba na kuishi kwenye kibanda cha nyasi, wanapalilia, wanaamia ndege wasile mpunga mpaka mavuno. Mama alikuwa huko na mdogo wangu. Homa ikamshika, barabara ikakatika kwa maji, na hakukuwa na njia ya kumleta hospitali. Habari zilipotufikia mjini, baba alitoka kwa baiskeli, akaiacha njiani, akaingia kwenye maji ya kiunoni. Alipofika walikuwa wameshamzika, maana mwili haungoji.

Alilifunga banda mpaka arobaini ikapita. Siku aliyolifungua aliweka filamu ya rubani. Hakuna aliyemwomba salamu siku ile, watu walimwogopa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Chenga zilipoanza na mvumo ukaja, baba akasema kwenye maiki, "Mke wangu, maji yamejaa, siwezi kuja."

Nilisikia hayo tu. Nilikimbia nje nikakaa nyuma ya jenereta, mahali ambapo mtu hasikii kitu. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi, sikuweza. Waliobaki ndani waliyasifia maneno yale miaka na miaka, lakini hakuna aliyeweza kuyarudia. Kila niliyemuuliza alitikisa kichwa akasema, "Ee, yalikuwa mazito," akaishia hapo. Nilipokua nikamuuliza baba mwenyewe. Alinijibu, "Muulize rubani." Nilimuuliza tena nilipoolewa, na tena nilipoachika. Muulize rubani. Nyumbani hakuwahi kumtaja mama hata kidogo.

Kanda iliharibika, banda likafa, watu wakawa na simu. Baba akazeeka akiuza mchele kibarazani. Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza. Tulidhani ni kifua, tukampa tangawizi, tukampa asali, majirani wakatuletea mizizi. Hospitali walikuta uvimbe kooni, wakatupa rufaa ya Dar. Daktari wa huko alizungumza naye kwa heshima, akamweleza kwamba watatoa kisanduku cha sauti na atakuwa akipumua kwa tundu shingoni.

"Nitaongea?" baba akauliza.

"Kwa sauti hii, hapana, mzee wangu."

Tulipewa tarehe ya kurudi. Tukiwa kwenye basi la kurudi Ifakara sikuwaza uvimbe wala tundu. Niliwaza kwamba maneno aliyomwambia mama yamo ndani ya koo lile, na wanakwenda kulitoa. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia tumtafutie filamu yake, tuiweke mbele yake, tumrekodi. Mdogo wangu anafanya kazi kwenye miwa Kidatu na ana moyo wa kutoa kuliko akili ya kupima. Wiki iliyofuata alishuka kwenye basi na TV bapa, kubwa kama mlango. Ilikuwa imekatiwa tiketi ya kiti chake dirishani.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," baba alisema kwa ile sauti iliyobaki, na kila mtu akacheka isipokuwa mimi.

Kuipata filamu ilikuwa kazi. Vijana wa maduka ya kuingiza muvi kwenye flashi waliniuliza jina, nikawaambia haina jina, wakanitazama kama mgonjwa. Ndipo nilipoanza kuangalia zote, moja baada ya nyingine, kila aliyenielekeza nilimfuata. Aliyeipata ni binti yangu. Aliandika mtandaoni kila alichokumbuka babu yake, akaletewa. Iliyosafishwa, alisema. Ya rangi safi. Nilimbusu mikono.

Tulikaa Jumapili mchana, siku chache kabla ya safari. Baba kwenye kochi, mdogo wangu kando yake, binti yangu chini kwenye mkeka, mimi kwenye kiti karibu na simu niliyoiegemeza kwenye kopo la sukari ili irekodi. Baba alinyoa ndevu siku ile. Akavaa shati lake la mikono mirefu. Akaulizia maiki, mdogo wangu akampa rimoti, akaishika vilevile.

Alianza vizuri. Sauti ilikuwa ya kukwaruza lakini mwendo wake ulikuwa uleule, nami nikahisi harufu ya magunia. Akawakaribisha watazamaji waheshimiwa. Chombo kikaondoka stesheni. Kisha nikaona macho yake yanahangaika. Alikuwa anaona vitu ambavyo hakuwahi kuviona. "Hivi hicho si kiti cha kinyozi?" akauliza, na kweli, kiti cha rubani kilikuwa cha kinyozi, kimefungwa mikanda. Binti yangu akacheka. Baba akaendelea, ila polepole zaidi. Ukuta wa chombo ulitikisika mtu alipofunga mlango. Mtu mmoja aliyekufa alikuwa anapumua. Kila kitu kilikuwa wazi mno, na baba alikuwa anatafuta mahali pa kuweka neno lake akakuta pameshajaa.

Kipande kikafika. Rubani akavaa kofia, akakaa kwenye kidirisha. Nikasogeza simu.

Hakukuwa na chenga. Kioo cha kofia kilikuwa kisafi kama bilauri. Ndani yake ulionekana uso wa mwanaume wa makamo, jasho juu ya mdomo, na mdomo umefungwa. Haukucheza hata kidogo. Ule mvumo tuliodhani ni kanda kukwanguka ulikuwa pumzi yake. Waliotengeneza ile filamu hawakumpa neno. Walimwacha anapumua tu.

Baba alikuwa ameiweka rimoti karibu na mdomo. "Mbona hasemi?" akauliza. "Rudisha."

Mdogo wangu akaichukua rimoti, akarudisha. Rubani akakaa tena, akapumua tena. Baba akainuka kwenye kochi, akaenda mpaka mbele ya TV, akaukaribia ule uso mpaka mwanga ukampaka buluu. Akasema tena rudisha. Sijawahi kumwona mtu akitazama kitu namna ile, labda mtu anayetambua maiti.

"Kumbe alikuwa kimya," akasema.

"Baba, endelea tu," nikamwambia. "Sema kama zamani. Sema uliyomwambia mama."

"Mimi sikumwambia mtu kitu. Mimi nilikuwa natafsiri." Akageuka. "Watu waliniletea misiba yao. Nikawapa maneno ya mtu ambaye hakufungua mdomo."

Mdogo wangu akamwambia hakuna aliyedanganywa, watu walijua, nani asingejua kwamba Mzungu wa angani hamfahamu marehemu wa Ifakara? Alisema kwa nia njema, lakini ilikuwa kama kumwagia mtu chumvi kwenye kidonda. Baba alimtazama kwa mshangao. Akawa ni yeye peke yake, katika bonde zima, aliyeamini.

"Zima," akasema. "Nimechoka."

Hiyo ndiyo rekodi niliyonayo. Kiti cha kinyozi, kicheko cha binti yangu, kumbe alikuwa kimya, zima. Niliichukia ile TV kwa chuki ambayo mtu huiweka kwa binadamu. Niliifunika kwa kanga. Watu wanasema usilolijua ni kama usiku wa giza, lakini kuna giza ambalo lilitusaidia, na hakuna methali yake. Kwenye ile TV ya chogo, ndani ya zile chenga, palikuwa na nafasi ya kukaa mama yangu. Kwenye hii hapana.

Asubuhi ya upasuaji, nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda chake kule Dar, nilimuuliza kwa mara ya mwisho. Sikuona haya. Alikuwa ameshavalishwa nguo za chumba cha upasuaji. Alifikiri kwa muda, kwa uaminifu, hakunikwepa.

"Sijui tena yapi yalikuwa yangu, mwanangu," akasema.

Wakaja na kitanda cha magurudumu.

Tulimrudisha nyumbani akiwa na tundu shingoni, limefunikwa kitambaa laini cha hospitali. Alijifunza kupiga makofi akitaka kitu. Nilimnunulia kalamu na karatasi, akawa anaandika maji, joto, fungua dirisha. Siku moja nilimwomba aandike yale. Akanirudishia kalamu. Pumzi yake ilisikika nyumba nzima, ikiingia na kutoka pale shingoni, na wageni walijitahidi kutazama pembeni. Uvimbe haukuwa umeisha. Tuliambiwa hilo pia, kwa heshima ileile.

Masika yakaja. Alasiri moja mvua ilipiga bati mpaka mtu usisikie wazo lako mwenyewe, na umeme, kwa maajabu, ulikuwepo. Baba akapiga makofi. Akaonyesha TV. Nikaitoa kanga, nikadhani anataka taarifa ya habari, asome maandishi. Akatikisa kichwa, akaonyesha flashi iliyokuwa bado imechomekwa.

Niliiweka. Sikutaka, lakini niliiweka, nikasogeza mbele mpaka karibu na mwisho kwa sababu sikuweza kuvumilia mengine. Rubani akavaa kofia. Akakaa kwenye kidirisha. Akaanza kupumua, na baba naye anapumua, mmoja kwenye spika na mmoja kwenye kochi, nami katikati.

Kisha mdomo wa baba ukaanza kucheza.

Hakuwa ananitazama mimi. Alimtazama rubani, na midomo ilikwenda kwa mwendo wake wa bandani, bila haraka, inasimama panapotakiwa kusimama. Mke wangu. Hilo niliona. Maji yamejaa, siwezi kuja. Hilo pia niliona, kwa sababu nilikuwa nimelibeba maisha yangu yote. Baada ya hapo nikapotea. Nilipiga magoti mbele yake, nikaukodolea macho ule mdomo ulionifundisha kusema, na sikuambulia chochote. Nikaweka sikio. Mvua, na pumzi ikitoka shingoni. Alikuwa anasema yote, mbele ya macho yangu, mchana kweupe, na sauti imeliwa.

Ili nisimkatize, ili aone kwamba namfuata, nikasema kwa sauti, nikipigana na mvua, "Mke wangu, maji yamejaa, siwezi kuja."

Akatuliza midomo. Akanigeukia. Macho yalikuwa yamejaa, na ndani yake kulikuwa na kitu ambacho sijui niite nini zaidi ya furaha. Akainua mkono, akauzungusha kidogo, ile ishara ya kumwambia mtu endelea, usiishie hapo.

Sikuwa na kingine. Kwenye TV rubani aliondoka dirishani, na majina ya waliotengeneza filamu yakaanza kupanda, safi kabisa, hata ya mafundi seremala unaweza kuyasoma. Baba aliendelea kunitazama, mkono ukiwa bado hewani, akingoja nitafsiri.